Kilio Kilichosubiri Majembe

Hilaria aliacha kupika pombe mwaka tisini na nne, na tangu hapo hakuna mtu wa Kibaoni aliyemwona tena ameinama juu ya mtungi. Watu walisema lao. Kuna waliosema ameokoka, na huo ulikuwa uongo mtupu, maana kila Jumapili alikuwa kanisani Katoliki, benchi lile lile la karibu na mlango, rozari mkononi. Kuna waliosema ni uchungu wa kufiwa na mume. Hao walikaribia, ila kukaribia si kufika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sababu yenyewe aliijua Hilaria na aliijua wifi yake Suzana, na hao wawili walikuwa hawazungumzi.

Asiyewahi kuinywa pombe ya Hilaria anaweza kuliona hili jambo dogo. Alifundishwa na bibi mzaa mama huko Usevya, akiwa msichana ambaye bado hajajua hata kusuka nywele zake mwenyewe. Ulezi aliulowesha, akaufunika majani mpaka ukachipua kimea, akauanika, akausaga kwa mkono juu ya jiwe, na hata mashine ya kusaga ilipofika kijijini hakuipelekea kimea chake. Alisema mashine inakiunguza. Majirani walimcheka kwa ushamba huo, kisha jioni wakaja na vibuyu vyao. Pombe yake ilikuwa nzito, haikuchoma koo, na mtu aliweza kuinywa akarudi nyumbani bila kugombana na mkewe, jambo ambalo kwa pombe nyingine za hapo lilihitaji sala.

Tena pombe kwa Wapimbwe, wenyeji wa Kibaoni, haikuwa kinywaji tu. Mtu mwenye shamba kubwa na mikono michache alipika pombe, akatangaza siku, na watu wakaja na majembe yao. Hakuna aliyelipwa shilingi. Walilima tangu alfajiri, na jua likishainama walinawa, wakaosha majembe, wakakaa kunywa. Aliyekunywa bila kulima alisemwa, na aliyelimiwa akapika pombe mbovu alisemwa zaidi. Kwa hiyo Anselmo alipomuoa Hilaria, wenzake walimwambia kwa utani kwamba hakuoa mke, ameoa trekta.

Na utani ule ulikuwa na ukweli wake. Miaka ya themanini Anselmo alilima mahindi mpaka watu wa Mpanda mjini wakamjua kwa jina. Enzi hizo mbolea ilikuja kwa ruzuku na mbegu kwa mkopo wa chama cha ushirika, na serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, uwe unakaa kando ya reli, uwe unakaa Mpimbwe ambako hata barua hufika imechoka. Mwaka mmoja Anselmo alichaguliwa mkulima bora wa kata, akapewa baiskeli mbele ya watu. Aliiendesha toka kwenye mkutano hadi nyumbani huku Hilaria amekaa nyuma, ameshikilia sketi yake, anacheka na kumwambia apunguze mwendo. Kama maisha yangekuwa yanasimama pale mtu anapopenda, mimi ningeyasimamisha hapo.

Miaka ya tisini ikaja na maneno yake. Redio ilitangaza kwamba soko sasa ni huria. Watu wa Kibaoni walingoja waone uhuru huo utakuja na lori la saa ngapi. Lori la chama lilikuwa limeshaacha kuja. Mahindi ya msimu mmoja yalikaa ghalani yakiwa yamepimwa na kuandikwa vizuri, na hakuna aliyeyafuata, mpaka fukusi wakayageuza unga wao wenyewe. Ruzuku ya mbolea ikaondolewa, na mbolea yenyewe ikapanda bei mpaka ikawa kitu cha kuhadithiana. Hapo ndipo wakaja wafanyabiashara na malori yao, wakati wa mavuno, watu wakiwa na shida na mahindi yakiwa tele, wakanunua kwa bei ya kutupa. Mwezi wa kwanza njaa ilipobisha hodi, mahindi yale yale yakarudi sokoni Kibaoni, na aliyeyalima akayatazama kwa macho.

Anselmo aliuza baiskeli. Baadaye aliuza mbuzi. Katikati ya mwaka tisini na nne kifua kikamkamata. Alikuwa mtu wa mabega, akawa mtu wa mbavu. Mganga wa zahanati alimsikiliza mgongo, akasema aende hospitali Mpanda, na ili aende ilibidi wauze mahindi karibu yote, mwezi ule ule ambao kila mtu alikuwa anauza. Alikaa hospitali mpaka hela ikaisha, akarudi na dawa, na dawa nazo zikaisha. Mvua za kwanza zilipoanza kugonga vumbi, nyumbani kwao kulikuwa na watoto wanne, mgonjwa mmoja, na gunia moja la mahindi ambalo Hilaria alikuwa amelining'iniza juu ya moshi.

Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, linashuka mpaka kwenye bonde. Jirani yao Mwandu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma, alikuwa na plau na ng'ombe wa kuivuta, na kwa mtu mwenye hela ile ilikuwa kazi ya asubuhi mbili. Hilaria hakuwa na hela. Alijaribu kulima peke yake na binti yake mkubwa, Jeniffer, na walipofika jioni waligeuka nyuma wakaona walichokilima kinatosha kitanda cha mchicha. Mahindi yasiyokuwa ardhini kabla ya Krismasi, huko kwao, ni mahindi ya kulisha ndege.

Basi akateremsha gunia, akatoa mbegu, lililobaki akaligawa, nusu ya kula na nusu ya pombe, na sehemu ya hiyo ya pombe akaibadilisha kwa ulezi wa kimea. Mtu aliyeshiba anaweza kusema ni kichaa huyo, anapika pombe kwa chakula cha watoto. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nusu gunia la kula halikuwafikisha mwezi wa pili, na gunia zima nalo lisingewafikisha mavuno. Bila shamba, kula kote kulikuwa ni kuchelewesha tu.

Siku alipokuwa anaanika kimea uani, Anselmo alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, anapata jua. Alimtazama mkewe akigeuzageuza ulezi kwa kiganja.

"Mama Jeni. Watu umeshawaambia?"

"Nimewaambia. Mwalimu Venant atawatangazia tena kanisani."

Venant alikuwa katekista, na kwa kuwa alifundisha dini watu wote walimwita mwalimu. Ndiye pia aliyekuwa akiwapanga watu kwenye mistari siku za kulima.

"Vizuri," Anselmo alisema. Akakohoa, akangoja kikohozi kimalize mambo yake. "Sasa sikiliza. Pombe ikishaiva haimsubiri mtu. Na mimi sijui kama nitaisubiri pombe."

"Usiseme hivyo, Baba Jeni."

"Nasema kwa sababu bado nina pumzi ya kusemea. Nikitangulia siku hiyo, usilie. Waache walime mpaka mwisho. Wakishaosha majembe, ndio ulie."

Hilaria aliacha kimea. Alimtazama akidhani homa ndiyo inayosema, lakini macho yake yalikuwa ya yule yule Anselmo wa miaka yote, mtu wa kupiga hesabu za shamba kabla hajanywa uji.

Alichokuwa anakiomba kilikuwa kizito, na wote wawili walikijua. Mtu akifa kijijini, majembe yanawekwa chini mpaka azikwe na matanga yaanuliwe. Hakuna anayekwenda shambani. Na shamba la marehemu mwenyewe, likilimwa wakati maiti yake bado iko juu ya ardhi, halipandwi mwaka huo. Kama limeshapandwa linaachwa kwa magugu na nguruwe pori, maana walisema kinachoota humo ni chakula chake yeye, na aliye hai hakigusi.

"Kuna mila," alisema Hilaria.

"Mila naijua. Nimezaliwa humu. Watoto watakula mila?"

"Na Suzana je? Ni dada yako. Atakuja kulima."

Anselmo aligeuza uso ukutani. "Hasa Suzana. Suzana akijua, atajua mpaka aliye ng'ambo ya mto. Hawezi kulia kimya yule."

Hilaria hakusema ndiyo, na hakusema hapana. Alirudi kwenye kimea chake, na tangu siku hiyo alipika pombe ile akiomba rozari, akimwomba Mama Bikira jambo moja tu, kwamba mume wake apitilize siku hiyo. Hakuomba apone. Kuomba apone alishaacha, na hilo nalo lilimuuma.

Siku ikafika. Pombe ilikuwa imeiva vizuri, inachemka yenyewe mtungini taratibu, povu lake jeupe. Wa kwanza kufika alikuwa Suzana, kabla umande haujakauka, jembe begani na kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, mjane asiyekuwa na mtoto, na mtu aliyempenda kaka yake kuliko kitu chochote. Baba na mama yao walikufa mapema, na Anselmo ndiye aliyemlea.

"Wifi, leo nitakunywa mpaka unibebe," alimwambia Hilaria.

"Nikubebe wewe? Labda nikaazime ng'ombe wa Mwandu."

Wakacheka. Suzana aliingia ndani kumsalimia kaka yake. Anselmo alikuwa macho, amelala chali, anavuta hewa kwa shida. Dada yake alimshika mkono.

"Kaka, leo tunakulimia."

"Limeni kina," alisema Anselmo. "Msikwangue juu juu."

"Haya, bwana mkubwa," akajibu Suzana, akatoka anacheka, akamwambia Hilaria kwamba mgonjwa anayetoa amri hafi.

Watu walikuja wengi. Wengine walikuja kwa ajili ya pombe na hawakuona haya kusema, lakini wengi walikuja kwa ajili ya Anselmo, maana wakati wa baiskeli yake hakuna aliyemwomba mbegu akamnyima. Venant aliwapanga mistari, wanaume mbele na majembe, baadhi ya wanawake nyuma na mbegu ili kinachochimbuliwa kifukiwe hapo hapo. Suzana alikataa kubeba mbegu. Alikwenda mbele na wanaume, akaanzisha wimbo wa kulima, ule ambao Anselmo mwenyewe alikuwa akiuongoza siku zake, na wengine wakaupokea.

Hilaria alipeleka uji ndani. Alimkuta Anselmo ametazama nyasi za paa, mdomo wazi, na alijua kabla hajaweka bakuli chini.

Alipiga magoti. Alimwita jina lake, si Baba Jeni, jina lake lile alilomwita walipokuwa wachumba. Alimgusa kifua. Kisha kilio kikampanda, kikafika shingoni, na akakishika hapo hapo kwa kujaza kitenge mdomoni na kuking'ata kwa nguvu zake zote. Kutoka shambani wimbo ulikuwa unaingia dirishani, na sauti ya Suzana ilikuwa juu ya zote.

Angeweza kulia. Naomba lieleweke hilo, kwa sababu wapo wanaodhani moyo wa mtu wa namna hii ni jiwe. Angefungua mdomo tu, majembe yangeanguka, watu wangekuja mbio, na yeye angekaa chini kama wajane wote wanavyokaa, akashikwa mikono, akapewa maji. Kilichokuwa kimelimwa mpaka saa ile ni ukanda mwembamba karibu na nyumba. Pombe ingenywewa msibani. Nusu gunia lake lingeishia matumboni mwa waombolezaji, na mwezi wa pili watu hao hao wangekuja kumzikia mtoto.

Alimfumba macho. Alichana pindo la kanga yake akamfunga kidevu, akasubiri kidogo, akafungua tena ule ukanda ili mtu akichungulia asiuone. Alimfunika blanketi mpaka shingoni, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Watoto aliwaambia baba amepata usingizi, asiingie mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayekificha kilio chenyewe.

Kulikuwa na jambo moja alilolisahau. Alilikumbuka pale Venant alipokuja uani na vijana wawili kuchukua mtungi wa kwanza, ule unaopelekwa shambani watu wakipumzika. Suzana alikuwa nao, jasho linamtiririka.

"Mama Jeni, mzee aonje tubebe," alisema Venant, akavua kofia.

Pombe ya kazi haitoki nyumbani kabla mwenye nyumba hajaionja. Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nyumba anakunywa kwanza mbele ya wageni ili wajue hakuna ubaya ndani yake, na kwamba ameitoa kwa moyo.

"Amelala," alisema Hilaria. "Usiku alihangaika sana."

"Tusimtoe nje basi," Venant akasema kwa upole. "Lakini aonje tu huko huko kitandani. Watu watauliza."

"Lete nimpelekee mimi," alisema Suzana, akanyoosha mkono kuchukua kata.

Hilaria aliiwahi. "Wewe una matope mpaka magotini, wifi. Nitampelekea mwenyewe."

Aliijaza kata, akaingia, akarudishia mlango kwa mguu. Alisimama kando ya kitanda. Alipoinama, kata iliinama naye na pombe ikamwagika kwenye mkeka pale chini. Alitazama uso wa mume wake, akataka kumlowesha midomo angalau, hakuweza. Akanywa yeye. Pombe ile, aliyoipika kwa rozari, ilimpita kooni kama maji ya kufulia. Aliifuta kata kwa kiganja, akatoka.

"Amesemaje?" aliuliza Suzana.

"Amesema ni nzuri."

Suzana akapiga kigelegele, na vijana wakabeba mtungi.

Walilima siku ile kuliko siku zote watu wanazozikumbuka. Suzana aliwahimiza wanaume, akiwaambia kaka yake amesema kina, atakayekwangua atarudishiwa mstari wake. Jua lilipoinama, shamba lote lilikuwa jeusi mpaka bondeni, limelimwa na kupandwa. Watu wakapanda kuja uani wanaimba. Wakanawa. Hilaria alikuwa amesimama penye pipa la maji, anawamiminia, na macho yake yalikuwa kwenye majembe. Aliyaangalia yakioshwa moja baada ya jingine na kuegemezwa ukutani. Vibuyu vikaanza kuzunguka. Mtu akapiga ngoma. Suzana akacheza, kibuyu kichwani, hakidondoki, na watu wakamshangilia.

"Sasa nakwenda kumwambia kaka tumemaliza," alisema akihema.

"Jembe lako hujaosha, wifi," Hilaria akamwambia.

Suzana alilitazama jembe lake, akacheka, akaliosha. Alipoliegemeza ukutani, Hilaria aliweka kata chini, akatembea mpaka ndani, na kilio alichokuwa amekimeza mchana kutwa kikatoka chote. Walioisikia sauti ile wanasema ngoma ilinyamaza yenyewe.

Kwa kuwa Suzana alikataa kaka yake aoshwe bila yeye, kuosha maiti walipewa yeye na mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Mama Agape, aliyeosha wengi kabla ya huyo. Walikaa ndani. Nje wazee walikuwa wamekusanyika karibu na moto, na Venant alikuwa kati yao. Waoshaji walipotoka, mzee mmoja aliuliza swali ambalo lazima liulizwe.

"Ameaga saa ngapi?"

Hilaria alikuwa ameketi chini, wanawake wamemshika mabega. Alijua mikono ya Anselmo ilivyokuwa imekakamaa. Alijua kwamba mwosha maiti hadanganywi. Akasubiri shamba lake life na yeye pia.

"Jua lilipokuwa linazama," alisema Suzana. Sauti yake ilikuwa ndogo, mtu asingedhani ni yake. "Nimemkuta bado ana joto."

Mama Agape aliangalia mikono yake mwenyewe, akaifuta kwenye kanga.

"Basi aliwasubiri mmalize," alisema Venant, na watu wakaguna kwa kukubali. Maneno hayo bado yanasemwa Kibaoni, kwamba Anselmo alikuwa mkulima mpaka dakika ya mwisho, aliwasubiri watu wake wamalize.

Alizikwa kesho yake. Suzana alikaa msibani mpaka mwisho, alipika, alichota maji, aliwalaza watoto, na hakumsemesha Hilaria neno. Siku matanga yalipoanuliwa, watu wakiwa wanafunga mikeka yao, alimfuata jikoni wakiwa peke yao.

"Mkeka ulikuwa umelowa pombe," alisema. "Midomo yake ilikuwa mikavu."

"Ni yeye aliyeniomba. Naapa kwa Mungu, wifi. Ni yeye."

"Najua. Anselmo angesema hivyo. Na mimi ningekuwa wewe, labda ningefanya." Alikuwa analia, na ilikuwa kweli alivyosema kaka yake, hakujua kulia kimya, ila safari hii alijilazimisha. "Lakini nilikuwa naimba, Hilaria. Kaka yangu amelala humo na wewe umeniacha naimba. Umeniacha nimecheza na kibuyu kichwani."

Hilaria alitaka kumshika mkono. Suzana alichukua mkeka wake akaondoka. Alikuwa amemwita kwa jina, baada ya miaka yote ya wifi na wifi, na Hilaria alibaki na jina lake pale jikoni asijue alifanyie nini.

Nusu gunia lilikwisha kabla ya mwezi wa pili, kama lilivyopangwa kuisha. Walikula majani ya maboga, walikula uyoga, walikula mlenda bila ugali wa kuusindikiza. Mtoto wa mwisho alivimba miguu, kisha miguu ikapungua. Mvua zilikuwa za haki mwaka ule, na mahindi yaliyopandwa kwenye kina yalisimama marefu kuliko ya majirani, hata Mwandu alisimama na ng'ombe wake njiani akayatazama. Mwezi wa tatu yakaanza kukomaa ya kuchoma. Watoto wote wanne walikuwa hai.

Mahindi mabichi ya kwanza ya shamba hayaliwi kabla shangazi wa nyumba hajapelekewa yake. Hilaria alichagua makubwa, akayapanga kwenye kikapu, akayafunika kitenge, akayapeleka mwenyewe kwa Suzana. Watoto waliachwa wamekaa kuzunguka moto na ya kwao, wanangoja ruhusa.

Suzana alikuwa anafagia uwanja wake. Aliona kikapu, akajua kimetoka wapi. Aliweka ufagio chini, akafunua kitenge, akatazama mahindi kwa muda. Aligusa moja kwa kidole, akapapasa nywele za hindi hilo. Kisha akafunika tena, akaupiga pindo ule mwisho wa kitenge vizuri ili vumbi lisiingie.

"Wape watoto wa kaka," alisema. "Mimi ujira wangu niliunywa siku ile ile."

Akaokota ufagio. Hilaria akainama, akajitwisha kikapu. Hakurudi kwa njia ya sokoni. Alizunguka kwa bondeni, akapanda kupitia katikati ya shamba, mahindi yanamgusa huku na huku, na alipofika juu alikaa chini akalia, akafuta uso, akamwaga yale mahindi ya kikapu kwenye mashina, ili watoto wasiyaone yamerudi.

Walikuwa bado wamekaa kwenye moto. Hawakuwa wamegusa hata moja.

"Shangazi kasemaje?" aliuliza Jeniffer.

Hilaria aliweka kikapu kitupu chini.

"Amesema ni matamu," alijibu. "Kuleni."